Blanketi la Mjomba

Jumapili, 7 Septemba 2025

Kuanzia Daraja Mbili hadi Nkoaranga hakuna mtu anayeogopwa kama mimi, Sadoki. Leo imethibitika. Naandika humu kwenye shajara ya kampuni ya mbolea ili isije ikasemwa baadaye kwamba nilitunga.

Wamekuja wakwe wa mpwa wangu Vaileth. Wamekuja wenyewe hapa kwenye bustani yangu ya miche — Baba Gidion, ambaye miaka sita hajawahi kukanyaga hapa, na Mama Gidion, na Gidion mwenyewe, mume wa Vaileth. Baba Gidion na koti lake la ibada. Nikampindulia ndoo, akaikalia. Mzee wa usharika mzima, kwenye ndoo yangu.

Wameleta blanketi.

Kwetu binti akiolewa, mjomba wake hupewa blanketi. Si kwa ajili ya baridi, ni heshima. Siku ya mahari ya Vaileth walileta kila kitu, ng'ombe, mbuzi, pombe ya ndizi, hata soda za watoto. Blanketi wakasahau. Nikasimama mbele za watu, kikombe mkononi, nikasema haya, mchukueni, lakini mtoto wake wa kwanza hataniita babu mpaka nipate blanketi langu. Watu walicheka mpaka pombe ikamwagika. Ulikuwa utani mzuri. Nimewahi kutoa mizuri zaidi.

Mtoto huyo ni Simaloi. Ana miaka minne na nusu. Hajaniita babu. Hajamwita mtu yeyote chochote. Anacheka tu, anacheka hata akianguka, na anatembea amenyanyua mikono kama mtu anayevuka mto. Tena degedege humshika mara kwa mara.

Sasa huko kwao Nkoaranga wamekaa, wamefikiri, wakayakumbuka maneno yangu. Baba Gidion akasema, "Mzee Sadoki, tulikosea. Pokea kilicho chako, umfungue mtoto."

Mzee Sadoki. Siku zote ananiita yule wa miche.

Vaileth alikuwa nyuma yao, mtoto mgongoni, ananikazia macho. Alingoja niseme ulikuwa utani. Na nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme. Ndipo nikamsikia Mama Gidion akimnong'oneza mwanawe, afadhali ni haya ya mjomba, mimi nilidhani ni tumbo la mkeo.

Nikapokea blanketi.

Nikachukua maziwa mdomoni, nikamtemea mtoto kifuani mara nne, kama marehemu babu yangu alivyofanya. Simaloi akacheka sana. Akavuta kola yangu, anataka tena. Nikawaambia nipeni wiki mbili.

Walipoelekea kwenye gari Vaileth alichelewa kidogo nyuma. "Mjomba, unajua kabisa hukumlaani mtu."

Nikamwambia mambo ya wazee huyajui.

"Jumatano majibu ya damu yanatoka. Ungengoja Jumatano tu."

Blanketi ni zito. La mistari.


Jumatano, 10 Septemba

Kliniki ya watoto mjini, mimi na Vaileth na Simaloi. Gidion ni dereva wa watalii, alikuwa na wageni porini. Kwa hiyo mwanamume wa ukoo nikawa mimi. Nilivaa tai.

Daktari anaitwa Riya. Mzaliwa wa hapahapa, babu yake alikuwa na duka la vitambaa, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. "Shikamoo mzee." Nikamwambia mimi ni mtaalamu wa mimea, kuna Mzungu wa Uholanzi alitumwa kwangu kujifunza kubebesha parachichi, tawi la huku kwenye shina la kule. Akasema vizuri, basi hili utalielewa haraka kuliko wengi.

Niandike kama alivyosema, lisipotee.

Alichukua bendeji mpya, akaitandaza mezani, akaandika kwa kalamu: SIMALOI. Akaniuliza, unasoma? Nasoma. (Nilifika darasa la sita. La saba lilinikosa.) Akaikunja bendeji, akakaza, akakaza, mpaka ikawa kama kidole gumba. Akaichoma pini. Sasa unasoma? Sisomi. Jina limefutika? Halijafutika.

Akasema ndivyo mwili ulivyo. Kila seli ina maandishi yote ya mtu mzima, lakini yakisomwa yote kwa pamoja ni fujo, jicho litataka kuwa ini. Maandishi yamezungushwa kwenye protini kama uzi kwenye kibiringo. Yanayotakiwa hulegezwa. Yasiyotakiwa hukazwa, na kuna protini nyingine kazi yake ni kubana tu, kama ile pini. Seli ikizaa seli, inairithisha na pini zake. Ndiyo maana ini hubaki ini. Mimea ni hivyohivyo, wanyama hivyohivyo. Bibi yake alikuwa na paka wa dukani, jike, mwenye mabaka meusi na ya rangi ya chungwa. Akasema kwenye kila baka mwili ulibana nakala moja ya rangi ukaacha nyingine. Paka mmoja, pini zimekaa mahali tofauti.

Halafu akaja kwetu. Maandishi mengi tunayo nakala mbili, ya mama na ya baba, na zote zinasomwa. Lakini kuna sehemu chache mwili hubana nakala moja kwa kuangalia imetoka kwa nani. Ipo moja ya ubongo. Ile ya baba hubanwa kwa watu wote — mimi, yeye, hata askofu. Inafanya kazi ya mama peke yake. Na kwa Simaloi, kwenye ile ya mama kuna kipande hakipo. Vaileth mwenyewe damu yake ni nzima. Kilikatika tu wakati yai linatengenezwa, kama mche mmoja katika elfu. Si dhambi ya mtu. Si tumbo la mtu. Si maneno ya mtu.

Aliposema si maneno ya mtu nilitazama dirishani.

Vaileth akauliza, na ile ya baba je?

"Ipo," daktari akasema. "Nzima kabisa. Imebanwa tu."

Nikauliza mimi, inafunguka? Akasema wapo wanaotafuta namna ya kuifungua, huko nje, lakini bado, na yeye haahidi kitu. Akasema polepole kwamba Simaloi huenda asije kusema kwa mdomo maisha yake yote. Lakini anaweza kufundishwa kusema kwa picha. Ubao, picha, mtoto anaweka mkono. Wapo wanaofika mbali. Anataka Gidion aje asikie mwenyewe, asisimuliwe. Wakapanga Jumatatu tarehe 22, na Gidion kwenye simu akakubali.

Vaileth alisikia mambo mengi mle ndani. Mimi nilisikia neno moja. Ipo.

Ile bendeji niliomba nibaki nayo. Iko mfukoni mwa koti.


Alhamisi, 11 Septemba

Nimechomoa vipandikizi vya rozmari nilivyochomeka mwezi uliopita. Vina mizizi.

Vimekuwa na mizizi miaka ishirini na mbili, sikuwahi kushangaa. Leo nimekaa chini. Tawi — limeishi juani maisha yake yote, udongo halikuujua. Na mizizi ilikuwa imeandikwa ndani yake muda wote, imebanwa. Nilichofanya mimi ni kukata, kuchomeka, kumwagilia, kungoja.

Kumbe hii ndiyo kazi yangu. Nafungua vilivyobanwa. Daktari amesoma miaka mingapi, mimi nafanya kwa kisu cha jikoni.

Macho yaliwasha sana. Samadi ya kuku.


Jumamosi, 13 Septemba

Vaileth, aliyebaki kwangu na mtoto tangu siku ya kliniki, amempigia simu mumewe akamweleza ya bendeji yote, vizuri kuliko mimi. Gidion akajibu sawa, Jumatatu ile nitakuja, ila baba anasema tuone kwanza la mjomba.

La mjomba!

Jirani yangu Nalepo anayeuza mboga naye ameshasikia. Amepita hapa akasema, "Sadoki, na mimi nina mdaiwa hanipokelei simu, mteme maziwa." Nimecheka. Sikumwambia hapana.


Jumanne, 16 Septemba

AMESEMA.

Vaileth alikwenda Kwa Mrombo sokoni, akaniachia mtoto. Tulikuwa wawili tu kwenye bustani. Simaloi hupenda maji kuliko chakula, nikampa mpira wa kumwagilia, akaloa, nikaloa, miche yote ya kahawa ikaloa. Nilikuwa nimeinama kwenye mifuko ya miche, nimempa mgongo. Nikasikia: "Babu."

Sauti nyembamba, safi. Babu.

Nikaitika. Naam, mama.

Nikageuka, anacheka, amenyanyua mikono.

Nimempigia Gidion palepale. Nikasikia analia, mwanamume mzima, na wageni wake nyuma wanauliza kuna nini. Akasema, "Mjomba, rudia. Alisema nini?" Nikarudia. Nikaongeza kwamba alisema mara mbili.

Baba Gidion naye amepiga. Amesema Jumapili baada ya ibada niende Nkoaranga, ukoo ukae, mtoto asikike, Mungu ashukuriwe. Nitakaa kiti cha mbele.

Vaileth aliporudi hakushangilia. Alipiga magoti mbele ya mtoto hapohapo kwenye tope. Simaloi, sema. Sema babu. Sema tena. Mtoto anamshika pua. Hata mimi ilibidi niseme, mwache, amechoka.

Jioni Gidion amemtumia ujumbe: basi ile Jumatatu kwa daktari tuiache kwanza, haina haja, ameshaanza.

Vaileth alinisomea huo ujumbe. Akanisomea tena.


Ijumaa, 19 Septemba

Sina cha kuandika. Mlima umetoka wazi asubuhi yote. Nimeuza miche arobaini ya parachichi.

Simaloi hajarudia.


Jumapili, 21 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Walikuwa watu kumi na tano sebuleni, nilihesabu, nikadhani ni heshima. Kiti cha mbele kweli walinipa. Kiliwekwa katikati, peke yake. Wakanikalishia Simaloi mapajani. Gauni jipya, viatu vipya vinavyobana. Baba Gidion aliomba sala fupi. Kisha akasema, "Haya, mjukuu wangu. Tunakusikiliza."

Nikasema, Simaloi, mwite babu.

Akacheka. Akanivua kofia.

Nikasema tena. Akaitafuna kofia.

Nikamtemea maziwa tena, nikamtekenya, nikamwimbia. Watu kumi na tano hawakohoi. Mama Gidion amefumba macho, midomo inacheza, anamsaidia kutamka. Ba. Ba. Dakika ngapi sijui. Mpaka Simaloi akaliona birika la chai, akataka maji yake, akanyoosha mikono yote kulielekea.

Baba Gidion hakukasirika. Ndiyo iliyoniumiza. Aliuliza taratibu, "Sadoki, nisaidie. Umemfungua au hujamfungua?"

Hapo nikaamua kusema kweli. Naandika hapa: niliamua mwenyewe, hakuna aliyenisukuma. Nikasema sikumfunga mimi. Ule ulikuwa utani. Mimi sina mdomo wa namna hiyo. Mambo haya yamo kwenye damu, daktari ametueleza, hata chombo amenipa, subirini niwaonyeshe. Nikatia mkono kwenye koti.

Nikatoa ile bendeji.

Nilidhani nitafanya kama alivyofanya daktari. Nikainyanyua, watu wote waone. Kitambaa kimekunjwa, kimekazwa, kimechomwa pini, kimechafuka kwa kukaa mfukoni na mbegu. Nikasema, humu ndani mmeandikwa jina la Simaloi.

Mama Gidion alipiga ukelele ambao bado nausikia.

Nilifungua pini haraka niwaonyeshe, nikasema hapana, hii ni protini, hii pini ni protini, hata nyie mnayo! Bendeji ikafunguka mpaka sakafuni. SIMALOI. Mwanamke mmoja akamnyakua mtoto mapajani mwangu. Mwingine akaanza kukemea kwa jina la Yesu. Vaileth alikuwa anapiga kelele, "Ni ya daktari! Baba, ni ya daktari, nilikuwepo!" Nani amsikie. Nimetema maziwa mbele yao mara mbili, nimepokea blanketi kwa mikono miwili, nimesema mtoto amesema na hajasema. Sasa natoa jina la mtoto kwenye kitambaa chenye pini, nawaambia ni hospitali.

Baba Gidion akasimama. "Mimi ni mzee wa kanisa. Sigombani na wewe, Sadoki. Lakini hiyo haitakaa nyumbani kwangu, wala aliyetoka kwake hatakaa." Akamgeukia Vaileth. "Mama, nenda kwa mjomba wako ukapumzike. Tutaitana."

Vaileth akamtazama mumewe.

Gidion alikuwepo. Alikuwa amesimama mlangoni, mzima, suti ya bluu, ufunguo wa gari mkononi. Akauangalia ufunguo.

Tuliteremka kile kijia cha migombani, mimi mbele, Vaileth nyuma, mtoto anacheka mgongoni. Karibu na barabara Vaileth akasema, "Angekuja kesho kwa daktari, Mjomba. Alikuwa ameshakubali."




Jumatatu, 22 Septemba

Leo ndiyo ilikuwa siku ya Gidion kwa daktari.

Nimemwagilia.


Jumatano, 24 Septemba

Gari limeleta godoro na sanduku la Vaileth. Dereva ni rafiki wa Gidion, ameteremsha getini, hakuingia. Aliniamkia kwa mbali.

Blanketi nilimpa alirudishe Nkoaranga. Akaona bora asiliguse. Sasa Simaloi analilalia. Analipenda, anavuta nyuzi zake.

Nalepo amepita na mboga zake upande wa pili wa barabara.


Ijumaa, 26 Septemba

Daktari Riya amempa Vaileth ubao. Ameanza na picha nne: maji, ugali, mama, lala. Ya tano Vaileth amebandika picha yangu ya kitambulisho, ile niliyotoa macho. Amesema, "Hapa nyumbani wewe ndiye uliyepo."

Asubuhi nilikuwa nachanganya udongo. Simaloi akaja na ubao anauburuta. Akaukalia kwanza. Akainuka. Akaweka mkono wake wote, umeloa mate, juu ya picha yangu. Akanitazama. Akatoa mkono, akaweka tena palepale, kwa nguvu, kama mtu anayegonga mlango. Kisha akaonyesha maji.

Mimi, kisha maji. Babu, niletee mpira.

Hili ni kweli. Vaileth alikuwa ndani, hakuona. Nilikimbia mlangoni nimwite, nimwambie, ameniita! Nikafika mlangoni. Nikasimama. Maana nilishawahi kukimbia na habari hiyo. Nilirudi nikafungua bomba.

Sasa ni saa tisa mchana na Gidion amepiga simu. Mara ya kwanza tangu Jumapili. Ukuta wangu ni wa mbao na simu iko kwenye spika, nasikia. Anasema nyumbani hakulaliki. Anasema ya bendeji yeye anaanza kuielewa, amesomasoma kwenye simu. Anasema baba yake hataki kusikia, lakini yeye atakuja Jumapili awachukue, hata kama ni kwenda kupanga chumba mjini. Ila anataka kujua kitu kimoja kwanza. Kama mtoto alisema kweli siku ile. Kama alisema hata mara moja, basi hakuna haja ya madaktari na mapicha, wataondoka hapa na watangoja aseme tena, naye atakuwa na la kumwambia baba yake. Amuulize mjomba. Aape.

Na kama hakusema? Vaileth ameuliza. Gidion amerudia tu, mjomba aape.

Vaileth amekuja mlangoni kwangu. Simu ameishika kifuani, haijakatwa, naona mwanga wake. "Mjomba. Alisema?"

Nimemwambia ngoja, naandika mahesabu ya miche, nikarudisha mlango.

Yuko hapo bado. Naona vidole vyake vya miguu chini ya mlango.

Jumanne ile niliinama kwenye mifuko ya miche, nimempa mtoto mgongo. Maji yalikuwa yanatiririka. Nikabana pua. Nikasema "babu" kwa sauti ya mtoto, taratibu, nisikie tu ingekuwaje.

Kisha nikaitika.